Friji la kompresa kwenye gari la kulala: lilishe kwa betri yake lenyewe

Swali: Shikamoo fundi. Hiace yangu ya dizeli nimeitoa viti vya nyuma, nikaweka kitanda, jiko na friji la kompresa la lita 45 la volti 12. Friji nimelichomeka kwenye lile tundu la kuwashia sigara, kwa waya mrefu unaopita hadi nyuma. Tulilala Mikumi usiku mmoja kwa majaribio. Tuliegesha saa nane mchana, na asubuhi gari halikuwaka hadi dereva wa watalii alipotubusti. Betri ni N70 ya miaka mitatu. Oktoba tunakwenda Ruaha siku tano, kambi haina umeme, na mama yangu tunaye naye anatumia insulini. Duka moja Kariakoo wananiambia ninunue paneli ya wati 300 na inveta. Rafiki yangu anasema nihamie friji la gesi. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Paneli inaweza kusubiri, na friji ulilonalo ndilo linalofaa. Unachokosa ni betri ya pili, ya friji peke yake, na waya wa maana wa kuifikia. Hayo yakishakaa sawa ndipo tuzungumzie jua.

Tuanze na usiku wa Mikumi. Kompresa ya friji kama lako, ikiwa inazunguka, hula wati 45 hadi 60. Tuseme 50, yaani ampea 4 hivi. Haizunguki muda wote: huwaka, hupoza, huzima, na kungoja joto lipande tena. Usiku wenye ubaridi huzunguka kama theluthi ya muda, na mchana wa jua kali, ndani ya gari lililofungwa vioo, hupita nusu. Kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni friji lako lilikula kama ampea-saa 10, zile Ah zinazoandikwa ubavuni mwa betri. Kuanzia hapo hadi alfajiri likala 17 nyingine. Weka taa, simu za watu wote kwenye chaji, na pengine feni ndogo, utaongeza 8. Jumla ni 35.

N70 mpya ina Ah 70, kwa hiyo kwenye karatasi ungebaki na nusu. Lakini betri ya miaka mitatu iliyoishi kwenye joto la Dar es Salaam na la injini kwa pamoja haina tena Ah 70. Ikiwa na 45 ishukuru. Ukitoa 35 zinabaki 10, na starta ya injini ya dizeli inadai mamia ya ampea kwa mkupuo mmoja. Isingewaka. Zaidi ya hapo, betri ya kuwashia gari imeundwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe papo hapo. Sahani zake ni nyembamba, na kila unapoikausha hadi chini unaifupishia maisha. Ile N70 ipeleke ikapimwe kabla ya safari hata kama sasa inawasha gari vizuri.

Kuna jambo moja hukulitaja, nami nalishuku. Mafriji ya kompresa karibu yote yana kinga ya betri yenye ngazi tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Ya juu hukata mapema ili gari liweze kuwaka. Ya chini huliacha friji liendelee hadi volti 10 na pointi kadhaa, na hapo betri ya risasi, yaani ya kawaida ya gari kama N70 yako, imeshakwisha kitambo. Nahisi friji lako liko kwenye ya chini, na sababu ni ule waya. Kutoka betri hadi nyuma ya Hiace ni kama mita 5 kwenda na 5 kurudi. Waya wa milimita 1.5 wa urefu huo, ukipitisha ampea 5, hupoteza volti 0.6 njiani. Betri ikiwa na 12.3, ambayo ni zaidi ya nusu, friji linaona 11.7, linadhani betri imechoka na kujizima. Mwenye gari anakasirika, anashusha kinga hadi ngazi ya chini, na friji linatulia. Kumbe kinga yenyewe ndiyo ameiondoa. Mafriji mengi yanayoletwa kwangu yakidaiwa yameharibika hayana ubovu wowote. Ubovu uko kwenye waya na kwenye lile tundu, ambalo plagi yake hulegea kwa mtikisiko na kuchemka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni waya. Tumia waya laini wa gari wa milimita 6, ule wenye nyuzi nyingi ndani. Waya wa nyumba wenye nyuzi moja nene usiuweke kwenye gari. Barabara za hifadhini zitautikisa hadi ukatike ndani ya ganda usijue. Kwa milimita 6 upotevu unashuka hadi volti 0.15, na betri ya pili ikikaa nyuma karibu na friji unakuwa mdogo zaidi. Weka fyuzi ya ampea 15 upande wa chanya, jirani kabisa na betri, sentimita 15 au 20 tu kutoka kwenye nguzo yake. Fyuzi iliyo upande wa friji hailindi chochote waya ukichubuka katikati na kugusa bodi. Lile tundu la sigara achana nalo kwa ajili ya friji; funga plagi ya Anderson au nyingine yoyote inayobana. Halafu rudisha kinga ya friji kwenye ngazi ya kati.

Sasa betri yenyewe. Njia ni mbili. Betri ya jeli ya sola ya Ah 100 ni nafuu, lakini ukitaka idumu unatumia nusu yake tu, Ah 50, na uzito wake ni karibu kilo 30. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, hizo zinazoandikwa LiFePO4, ya Ah hizohizo 100, inakupa 80 hadi 90 bila kuumia, na ina kilo 10 hadi 13. Bei ya kununua ni kubwa zaidi. Kwa safari yako nakushauri lithiamu, na tofauti ya Ah ndiyo sababu ndogo kati ya mbili. Kubwa ni namna inavyopokea chaji. Betri ya risasi, jeli ikiwemo, ikishafika kama asilimia 80 hupokea kidogokidogo, na kuijaza kabisa kunachukua saa nyingi hata uwe na chaja ya namna gani. Lithiamu hupokea ampea 20 kwa mfululizo hadi inakaribia kujaa. Mtu anayeendesha gari saa tatu kwa siku kutafuta simba anahitaji betri ya namna hiyo.

Ukienda kununua Kariakoo, omba mizani uipime. Lithiamu ya Ah 100 yenye kilo 6 haina Ah 100. Uliza kama ina saketi ya ulinzi ndani, inayokata chaji na matumizi mambo yakizidi. Ifunge kwa mkanda wa chuma ndani ya gari, chini ya kitanda, mbali na chumba cha injini, joto linaiua.

Kati ya altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, na betri hii weka chaja ya DC-DC ya ampea 20. Kwa betri ya jeli ungeweza kutumia relei inayosoma volti, inayoziunganisha betri mbili injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa, na ni rahisi. Kwa lithiamu usifanye hivyo. Betri tupu ya lithiamu huvuta umeme kwa pupa, na altaneta ndogo inaweza kuchemka hadi kuungua. Chaja ya DC-DC inaivuta kwa kiasi, inapandisha volti hadi zinazofaa, na injini ikizimwa inakata, ili betri ya starta ibaki salama hata friji likila usiku kucha. Wenye magari mapya ambayo kompyuta hushusha volti za altaneta ili kubana mafuta wanaihitaji hata kwa betri ya jeli.

Nawaambia pia wenye Land Cruiser zenye betri mbili na mfumo wa volti 24, kwa sababu hili naliona mara nyingi: msichomoe volti 12 kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Moja inakauka, ya pili inachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa. Mafriji mengi ya kompresa hufanya kazi kwa volti 12 na kwa 24 pia. Soma kibandiko cha nyuma.

Sasa tuipige hesabu safari yako. Oktoba Ruaha kuna joto, mchana nyuzi 35 na kupita, hivyo friji litakula karibu Ah 45 kwa saa 24. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500. Kwa ampea 20, hata betri ikiwa tupu wakati unatoka Ubungo, itakuwa imejaa kabla hujaupanda mlima Kitonga. Ukifika Msembe, makao makuu ya hifadhi ya Ruaha, na betri iliyojaa, una karibu siku mbili za friji bila kuwasha injini wala kuona jua. Na hutakaa siku mbili bila kuwasha injini, kwani watu huenda Ruaha ili wazunguke. Asubuhi mtatoka, jioni mtatoka. Ukiondoa muda wa kuzima gari mkiwatazama tembo mtoni, injini itazunguka angalau saa tatu, nazo ni Ah 60. Friji limekula 45. Umerudisha chote na chenji imebaki, bila paneli hata moja. Ndiyo maana nimesema isubiri.

Paneli inakuwa muhimu siku ambayo hamtoki: mama amechoka, au mnataka kushinda kivulini mkipika. Hapo wati 150 zinatosha, si 300. Kwa jua kali la muda wa saa tano kwa siku na upotevu wa kawaida inakupa karibu Ah 40 kwa siku yenye anga safi. Ilaze tu juu ya paa. Wanaoishi Ulaya hulazimika kuziinamisha paneli zao, lakini Ruaha iko karibu nyuzi 8 kusini ya ikweta, na katikati ya Oktoba jua la saa sita mchana linakuwa utosini kabisa. Acha nafasi ya sentimita 4 hivi kati yake na bati ili hewa ipite, maana paneli iliyochemka hutoa pungufu. Kila asubuhi ifute vumbi. Na nunua kidhibiti cha MPPT, kile kinachokaa kati ya paneli na betri na kuikamua paneli umeme mwingi iwezavyo.

Shida ya paneli ya paani ni kivuli. Gari unataka likae chini ya mti, paneli unataka ikae juani, na tawi moja likiangukia sehemu ndogo tu ya paneli linaweza kupunguza theluthi ya umeme au zaidi. Mkiwa watu wa kushinda kambini, paneli ya kukunja yenye waya wa mita 8 ni bora: gari kivulini, paneli juani. Mkiwa watu wa kuzunguka, ya kukunja hamwezi kuiacha peke yake, nyani na tumbili wataishughulikia. Wewe nakuona ni wa kuzunguka. Paani, basi.

Inveta hapana, angalau si kwa friji. Friji lako linatumia volti 12 moja kwa moja. Ukizipandisha hadi 230 kisha friji lizishushe tena, umepoteza njiani mara mbili. Inveta yenyewe, hata kama haina kazi, inaweza kula wati 10 hadi 20 kwa kuwashwa tu. Kwa saa 24 hizo ni Ah 20 hadi 40, karibu sawa na friji zima.

La gesi nalijibu kwa heshima, maana rafiki yako hajakosea kila kitu. Friji hilo, lililobuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, halina kompresa wala kelele. Moto mdogo unachemsha mchanganyiko wa amonia na maji, na mzunguko huo ndio unaopoza. Dogo linakula gramu 200 hadi 400 za gesi kwa siku, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unaweza kulilisha zaidi ya wiki mbili. Mtu anayekaa mahali pamoja wiki nzima msituni, bila kuendesha, angefikiria hilo. Lakini linataka gari lisimame sawasawa bila kuinama. Linataka bomba la kutoa moshi nje, la sivyo mnalala na hewa yenye sumu. Haliwashwi kwa gesi wakati wa kuendesha. Kubwa kwako: joto la nje likipita 35 linahangaika kushuka chini ya nyuzi 8, na insulini haiwezi kungoja jioni. Hayo ya gesi huwa pia na sehemu ya volti 12, lakini ni ya kutumia gari likitembea tu; huvuta ampea 8 hadi 14 mfululizo. Na vile visanduku vya bei rahisi vya plastiki vyenye feni, visivyo na kompresa, hushusha joto nyuzi 15 hadi 20 tu chini ya la nje. Nje pakiwa 36, ndani ni 18. Si vya dawa.

Sasa tupunguze ulaji, kwani Ah usiyoitumia huhitaji kuitafuta. Friji lipoze nyumbani kwa umeme wa TANESCO siku nzima kabla ya safari, na vyote vinavyoingia viwe vimeshapoa. Kreti moja ya chupa 24 za nusu lita, zenye joto la nyuzi 30, ili zifike 5, zinamega kama Ah 20 kwenye betri. Ni karibu nusu ya chakula cha friji cha siku nzima, kwa ajili ya soda. Nunua vinywaji Iringa vikiwa baridi, au uviingize jioni vitatu vitatu. Gandisha nyumbani chupa mbili za maji za lita moja na nusu, uzipange chini. Friji lililojaa hutunza baridi kuliko tupu. Weka nyuzi 5, usiweke 1 kwa kudhani unajihami. Matundu ya pembeni ya kompresa yaache wazi. Naona watu wanalifunika friji blanketi kuzuia joto, kumbe wameliziba pumzi na linazunguka bila kupumzika. Likiwa chini ya kitanda, toboa mlango wa kabati juu na chini ili hewa ya moto itoke.

Nimalizie na insulini, maana hapa sitaki ubahatishe. Chupa au kalamu zisizofunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka na kuonekana safi usimpe mama. Friji la kompresa linaweza kugandisha pembezoni, kwenye ukuta unaopoza, wakati kioo cha namba kinasoma 4, kwa sababu kipimo chake kinasoma pale kilipofungwa na si pale ilipo dawa. Kwa hiyo weka insulini kwenye kikopo cha plastiki chenye mfuniko, kizungushie kitambaa, kikae kwenye kikapu cha juu katikati, kisiguse ukuta wala zile chupa za barafu. Ndani ya kikopo hicho weka kipimajoto kidogo cha dijitali kinachokumbuka joto la juu kabisa na la chini kabisa. Kila asubuhi soma namba zote mbili.

Ile anayoitumia kila siku, aina nyingi huruhusiwa kukaa nje ya friji kwa wiki kama nne kwenye joto lisilozidi 30. Soma karatasi ya dawa yake, nyingine kikomo chao ni 25. Ruaha mchana itapita 30, kwa hiyo nayo ikae frijini au kwenye mfuko wa kupoza kwa maji, ule unaolowekwa na kupoza jinsi maji yanavyokauka. Hewa kavu ya Oktoba inaufanya ufanye kazi vizuri. Mfuko huo uwemo kwenye mzigo hata friji likiwa zima na jipya, na igawe dawa sehemu mbili, moja frijini na moja kwenye mfuko. Kabla ya safari mama amuulize daktari au mfamasia wake kuhusu mpango huu.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, lijaribu gari uani. Jaza betri mpya, weka friji na vitu vyake, funga vioo, liache juani siku mbili bila kuwasha injini wala kuchomeka popote. Usitegemee volti kujua lithiamu imebaki na kiasi gani, maana husimama kwenye 13 na pointi hadi karibu na mwisho. Funga kipima-betri chenye shanti, kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Baada ya saa 24 tazama Ah zilizotoka. Zikiwa 35 hadi 50, uko sawa. Zikipita 60, tafuta kwanza hewa ya kompresa na mpira wa mlango: bana noti kati ya mpira na friji, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kusuguana, mpira umechoka. Na ikipita 60 huku mpira ni mzima na hewa inapita, niandikie Ah ulizozipata, joto la ndani ya gari mchana, na volti zinazosomwa kwenye friji na kwenye betri kwa wakati mmoja kompresa ikiwa inazunguka. Kwa namba hizo nitajua pa kukuelekeza kabla hamjaondoka. Mama naye nampa shikamoo.